Asilimia 88 ya nini? Kabla hujaliweka lori lako chini ya kampuni Marekani

"Habari kaka. Naishi Columbus, Ohio. Nimeendesha lori la kampuni miaka minne, CDL yangu, leseni ya malori makubwa, ni safi, na mwezi uliopita nimenunua kichwa changu mwenyewe, Freightliner Cascadia ya 2019, kwa mkopo wa dola 1,900 kwa mwezi. Trela sina. Sasa natafuta kampuni ya kuliweka chini yake nipate mizigo, na nimepata tatu. Ya kwanza ni ndogo, iko karibu na Chicago, inanipa asilimia 88 ya kila mzigo. Ya pili ni kubwa, inalipa dola 1.02 kwa maili pamoja na nyongeza ya mafuta. Ya tatu ni ya rafiki yetu hapa mjini, tunasali pamoja, anasema nitumie namba yake nimpe dola 200 kwa wiki, mkataba wa nini wakati tunajuana. Mke wangu anasema nichukue ya asilimia 88, hesabu haidanganyi. Mwingine ananiambia nifungue kampuni yangu niachane nao wote. Kuhusu bima wote watatu wameniambia nisijali, kampuni inalipa. Nifuate lipi?"

Ndugu yangu, hongera kwa gari. Umeuliza mambo mengi, lakini wasiwasi wako ninavyousoma ni mmoja: rejesho limeanza kutembea, kila wiki lori likilala nje ya nyumba ni karibu dola 440 zimekwenda, na unataka mtu akuoneshe pa kusaini. Nitakuonesha, ila nakuomba usisaini chochote wiki hii. Nimeendesha lori miaka tisa, mitano kati yake kwenye kichwa changu mwenyewe, na sasa kazi yangu ni kutunza hesabu za wenye malori na kuwasomea mikataba. Wanaokuja kwangu wakiwa wameumia, karibu wote walisaini wakikimbizwa na rejesho la kwanza.

Tuanze na jambo lenyewe ni nini. Kama unaijua matatu ya Kenya, unaijua sacco. Gari ni lako, mkopo ni wako, lakini barabarani linatambulika kwa jina la sacco, na bila hiyo halibebi abiria. Hapa ni vivyo hivyo. Mzigo wa kulipwa unaovuka jimbo hubebwa na mwenye kibali cha FMCSA, wakala wa serikali kuu unaosimamia usalama wa malori. Wewe huna kibali, una lori. Kwa hiyo unaikodishia kampuni lori lako pamoja na wewe dereva, namba yao ya USDOT, ile ya utambulisho wa kampuni serikalini, inabandikwa mlangoni, na kuanzia hapo machoni pa sheria gari liko mikononi mwao. Wengi hulielewa hili kichwa chini: wanadhani wao ndio wanaopanga kwa kampuni, basi wanaingia ofisini kwa unyonge wa mpangaji aliyechelewesha kodi. Mpangaji ni kampuni. Mwenye nyumba ni wewe, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza maswali.

Usilichanganye jambo hili na ule mpango wa kampuni kukupa lori lake ulilipie kidogo kidogo hadi liwe lako. Huko anayekupa mizigo ndiye anayekudai gari, na akipunguza mizigo unashindwa kulipa, lori linarudi kwake, anampa mwingine. Kikosi kazi kilichoundwa na serikali kuichunguza mikataba hiyo kilipendekeza Januari 2025 kwamba Bunge la Marekani liipige marufuku. Wewe umenunua kwingine, hilo umelikwepa. Linda ulichonacho: kadi ya umiliki wa lori isiandikwe jina la kampuni kwa sababu yoyote, hata wakikwambia ni "kwa ajili ya namba za usajili tu".

Sasa asilimia 88. Mke wako amesema hesabu haidanganyi, na ana haki, ila hesabu yenyewe bado haijapigwa. Swali la kwanza ni asilimia 88 ya kitu gani. Mzigo unatoka kwa mwenye mali, mara nyingi unapita kwa dalali, ndipo unafika kwa kampuni. Dalali anachukua chake, hilo ni la kawaida na hakuna ubaya. Ubaya huja pale dalali na kampuni wanapokuwa mume na mke. Mwenye mali analipa dola 2,800, kampuni ya udalali ya mke inabaki na 600, kampuni ya malori ya mume inaandikiwa 2,200, wewe unapewa asilimia 88 ya 2,200. Kila karatasi uliyooneshwa ni ya kweli.

Wapo na wasiojisumbua hata kiasi hicho. Kuna kijana aliniletea karatasi ya bei ya mzigo aliyotumiwa kwa simu, dola 2,100 kutoka Indiana hadi Georgia. Bei ilimtia shaka, akaniambia kaka hebu itazame. Niliikuza kwenye kompyuta. Ile 1 katika 2,100 ilikuwa nene kuliko 1 zote nyingine kwenye ukurasa, hata kuliko ile iliyo kwenye tarehe. Akampigia dalali mwenyewe, akaambiwa tulikubaliana 2,600. Huo ulikuwa mzigo mmoja, na yeye alikuwa na kampuni hiyo miezi minane.

Sheria inakulinda hapa, na hii ndiyo sehemu ambayo madereva wetu hawaijui. Kanuni za serikali kuu kuhusu kukodishiana malori zimo katika kitabu cha 49, sehemu ya 376. Mfumo wake wa sasa ulianza mwaka 1979, enzi za ile tume ya zamani ya biashara baina ya majimbo, baada ya malalamiko yaleyale unayoyasikia leo. Zinasema ukilipwa kwa asilimia, kampuni lazima ikupe nakala ya hati ya mzigo yenye bei kabla ya kukulipa au wakati wa kukulipa, na hata kama wanakupa nakala iliyotoka kwenye kompyuta yao una haki ya kuiona ya asili. Wanaruhusiwa kufuta majina ya wateja wao. Bei hawaruhusiwi kuificha. Kwa hiyo mtu wa Chicago akikwambia "hiyo ni siri ya biashara", mjibu kwa upole kwamba jina la mteja ni siri, bei si siri. Sikiliza atakavyonyamaza au atakavyojibu.

Haya, tupige hesabu ambayo haikupigwa. Namba hizi ni mfano wangu, wewe weka za kwako. Chukua wiki moja ya maili 2,500, kati ya hizo 2,150 una mzigo na 350 unakwenda mtupu kuufuata mwingine. Tuseme mizigo inalipa dola 2.20 kwa maili yenye mzigo. Kwa kampuni ndogo hiyo ni dola 4,730, na asilimia 88 yake ni 4,162. Inapendeza. Lakini trela huna, utakodi kwao: 250. Bima watakukata 350. Kifaa cha kurekodi saa na "gharama za ofisi" 50. Namba za usajili na ushuru wa mafuta 60. Umebaki na 3,452. Dizeli, kwa gari linalokwenda maili 6.5 kwa galoni, ni galoni 385, kwa 3.75 ni dola 1,444. Mkononi dola 2,008.

Kampuni kubwa: maili 2,500 kwa 1.02 ni 2,550. Nyongeza ya mafuta, tuseme senti 42 kwa maili, ni 1,050. Jumla 3,600, ndogo kuliko 4,162 kama mke wako alivyoona. Lakini trela ni lao bure, bima ya dhima wanalipa wao, wanakukata 115 za bima ya gari lako na usajili, na kadi yao ya mafuta inashusha galoni kwa senti 40, hivyo dizeli ni 1,290. Mkononi dola 2,195. Toa rejesho 440, toa senti 18 kwa maili za matairi, oili na fundi, yaani 450, na hiyo ya fundi itoe hata wiki ambayo hakuna kilichoharibika. Ndogo inakuachia 1,118, kubwa 1,305, kabla ya kodi na kabla ya chakula.

Usikimbilie kubwa bado. Uliza maili zao zinahesabiwaje. Kampuni nyingi zinazolipa kwa maili hazisomi mita ya gari lako, zinalipa maili za ramani ya njia fupi, hata ile ambayo dereva wa lori kwa kawaida haipiti. Mita ikisoma 2,500, karatasi inaweza kusoma 2,350. Maili 150 hizo, kwa 1.02 na senti 42, ni dola 216, na faida yote ya kubwa juu ya ndogo imeyeyuka. Uliza pia kama nyongeza ya mafuta inalipwa hata ukiwa mtupu. Hayo maswali mawili yana thamani kubwa kuliko tangazo lao zima.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo. Asilimia inapanda na kushuka na soko. Soko likipanda mzigo ulipe dola 3.00 kwa maili, kama tulivyoona mwaka 2021, kampuni ndogo inakupa kama 3,520 mkononi baada ya mafuta, na wa kampuni kubwa anabaki palepale akiangalia. Likishuka hadi 1.90, unabaki na 1,440, toa rejesho na fundi, wiki nzima barabarani kwa dola 550. Kulipwa kwa maili ni kuuza bahati yako ununue usingizi. Mtu mwenye mkopo mpya, asiye na akiba, anahitaji usingizi. Lori likishalipiwa, cheza na asilimia upendavyo.

Tuje kwenye mkataba wenyewe. Kanuni hizohizo zinataka uwe wa maandishi, umesainiwa na pande zote, na nakala moja iwe ndani ya lori. Malipo lazima yatoke ndani ya siku 15 tangu uwasilishe hati za kumaliza safari. Ile kauli ya "dalali bado hajatulipa" si sababu halali ya kukuchelewesha, kwani hukumkopesha dalali, na kampuni ndiyo iliyokubaliana naye. Kila kitu watakachokukata lazima kiandikwe ndani ya mkataba na namna kitakavyohesabiwa. Kile ambacho hakikuandikwa hakikatwi. Wala hawaruhusiwi kukulazimisha ununue kitu au huduma kwao kama sharti la kupata mkataba. Trela, bima au kadi ya mafuta wanaweza kukuuzia, lakini kukulazimisha hapana. Na ukivuta trela uliyolikuta limeshapakiwa na kufungwa lakiri, mizani ikisema limezidi uzito, faini ni ya kampuni isipokuwa kosa liwe lako. Hili la mizani huonekana dogo hadi siku likukute.

Panapouma zaidi ni dhamana. Kampuni nyingi hukata, tuseme, dola 100 hadi 250 kwa wiki hadi itimie kama 2,500, wanaishikilia kwa ajili ya madeni yatakayobaki ukiondoka. Ni halali. Lakini mkataba lazima useme ni kiasi gani, ni kwa mambo gani tu, wanapaswa kukupa hesabu yake ukiomba, kukulipa riba yake angalau kila robo mwaka, na kukurudishia ndani ya siku 45 baada ya mkataba kuisha, pamoja na maelezo ya kila walichokata. Riba yenyewe haijazi tangi, lakini kampuni inayoilipa bila kuulizwa ni kampuni iliyosoma kanuni.

Mimi mwenyewe kampuni yangu ya kwanza iliishikilia yangu, dola 2,500. Siku ya hamsini nikaambiwa zote zimekwenda kutengeneza trela nililorudisha na mlango uliopinda. Sikuwa nimeupinda mimi, ulikuwa umepinda tangu nalichukua Memphis usiku wa mvua, na sikuwa na picha hata moja. Niliwaandikia barua nikitaja kanuni na siku zake, wakarudisha 1,900. Tangu siku hiyo sijashika trela bila kulizunguka na simu: matairi yote, milango, taa, sakafu ndani, na namba ya trela ionekane kwenye picha. Ukilirudisha, fanya vilevile. Dakika nne.

Bima. Wote watatu wamekwambia kampuni inalipa, na wote watatu wamesema nusu. Kampuni inawajibika kuwa na bima ya dhima, ile inayomlipa mtu utakayemgonga. Kiwango cha chini kisheria kwa mizigo ya kawaida ni dola 750,000, na madalali wengi hudai milioni 1. Hiyo inamlinda mwingine. Haikutengenezei lori lako likipinduka barafuni huko Wyoming. Kwa hilo unahitaji bima ya gari lenyewe, na mwenye mkopo wako ataidai. Haikutibu wewe ukivunjika mguu ukishuka kwenye trela, kwa sababu wewe si mwajiriwa, na fidia ya wafanyakazi haikuhusu. Kuna bima ya ajali kazini kwa watu kama sisi, inunue hata kama si lazima. Na haikufuniki ukiwa unaendesha kichwa kitupu kwenda kanisani au kumpeleka mtoto mpira. Hapo kuna bima mbili ambazo watu huzichanganya: moja inafunika ukiwa huna trela, uwe kazini au la, nyingine inafunika tu ukiwa nje ya shughuli za kampuni kabisa. Kwenda kuchukua mzigo ni kazi, hata kama huna trela. Ukinunua ya pili ukidhani ni ya kwanza, utagundua siku ya ajali. Mwambie wakala wa bima akuandikie kwa barua pepe ipi kati ya hizo mbili anakuuzia. Kampuni ikikuuzia bima kwa makato, una haki ya hati inayoonesha jina la kampuni ya bima, namba ya sera, tarehe, kiasi, gharama na sehemu utakayobeba mwenyewe. Omba pia nakala ya sera nzima, wanalazimika kukupa.

Sasa rafiki yetu wa dola 200. Hapa nitasema wazi kwa sababu naona ni hapo moyo wako umeegemea. Sina shaka naye kama mtu. Lakini anachokupa kisheria hakipo: lori lako kubeba mzigo kwa namba yake bila mkataba wa maandishi ni kuvunja kanuni hizohizo, yeye na wewe pamoja. Kuna kubwa zaidi. Makampuni ya bima kwa kampuni ndogo mara nyingi huorodhesha malori kwa namba ya chasisi, moja moja, na madereva kwa majina. Lako kuongezwa humo kunamgharimu pesa nyingi kuliko dola 200 zako za wiki nyingi. Jiulize basi, kwa 200 ataliongeza kweli? Ukimgonga mtu na chasisi yako haimo, bima itaanza kutafuta mlango wa kutokea, na mwenye kugongwa atawafuata ninyi wawili, nyumba kwa nyumba. Kila ukaguzi utakaofeli unaandikwa kwake, na kila alichokosea yeye kinakusimamisha wewe: bima yake ikikatika kwa kutolipwa, kibali chake kinaweza kufutwa na lori lako linalala. Watu waliokuwa wakikaa benchi moja kanisani wamefikishana mahakamani kwa jambo hili, na mkataba wa kurasa kumi ungewabakizia urafiki.

Kufungua kampuni yako mwenyewe si wazo baya, ni wazo la mwaka wa pili au wa tatu. Ada ya maombi ya kibali ni dola 300, hiyo ndiyo rahisi. Bima ya mwaka wa kwanza kwa kibali kipya mara nyingi hupita dola 12,000 na huweza kufika maradufu, madalali wengi hawakupi mizigo kibali kikiwa na siku chache, na FMCSA inakuweka chini ya uangalizi miezi 18 yenye ukaguzi wa ofisi yako ndani yake. Unakuwa dereva, karani wa hati, mkusanya madeni na mlinzi wa usalama kwa wakati mmoja. Jifunze kwanza hizo kazi nyingine ukiwa chini ya mtu mwingine, kwa makosa yake badala ya yako.

Kabla ya kuchagua, wachunguze. Fungua tovuti ya SAFER ya FMCSA, ni bure, andika namba ya USDOT ya kila kampuni. Angalia kwanza kama jina lililo pale ni lilelile lililo juu ya mkataba. Likitofautiana hata kwa neno moja, uliza kwa nini. Angalia idadi ya malori na madereva, kisha asilimia ya magari na madereva waliosimamishwa barabarani katika ukaguzi wa miezi 24. Ukurasa huohuo unakuwekea wastani wa nchi pembeni, kwa hiyo huhitaji utaalamu wowote kulinganisha. Kampuni inayosimamishwa mara mbili ya wastani, askari wa mizani wanaijua, na watakuita ndani kila mara kwa sababu ya mlango wako. Uliza kibali kina umri gani. Kampuni ya miezi mitano yenye malori sitini imeyatoa wapi? Wengine hufunga kampuni yenye rekodi mbovu Jumatatu na kufungua nyingine Jumanne, ofisi ileile, simu ileile.

Halafu zungumza na madereva, lakini si wale utakaopewa na afisa wa kuandikisha. Kituo cha malori chochote kwenye barabara ya I-70 utakuta mlango wenye jina lao. Mnunulie mtu kahawa, umuulize swali moja tu: wiki tatu zilizopita ulilipwa siku gani? Anayelipwa vizuri anataja siku. Asiyelipwa vizuri anaanza kueleza. Na kwa kampuni yenyewe omba hesabu tatu za wiki za dereva mwenye gari kama lako, majina yafunikwe. Wakikunyima, umeshajibiwa.

Nikiwa mahali pako ningechukua kampuni kubwa kwa mwaka wa kwanza, kwa masharti: wakubali kwa maandishi jinsi maili zinavyohesabiwa, nyongeza ya mafuta iwe kwenye maili zote, na mkataba uvunjike kwa notisi ya siku 30 bila faini. Wakikataa hilo la maili na tofauti ikazidi asilimia 5 au 6, rudi kwa Chicago na uombe nakala za bei za mizigo kumi iliyopita. Wakizitoa bila kunung'unika, na SAFER yao ni safi, wanastahili kufikiriwa, na trela tafuta la kukodi kwingine ulinganishe. Uulize pia kote kama unaweza kukataa mzigo. Anayekulazimisha kuchukua kila mzigo atakupeleka Florida kila wiki, jimbo linalopokea mizigo mingi na kutoa michache, na utatoka huko kwa bei ya aibu.

Pesa ya kodi itenge tangu wiki ya kwanza. Utapewa fomu ya 1099, ile ya mtu asiye mwajiriwa, hakuna atakayekukatia kodi, na kodi ya kujiajiri peke yake ina kiwango cha asilimia 15.3, kinachotozwa kwenye karibu faida yote, kabla ya ile ya mapato. Inalipwa Aprili, Juni, Septemba na Januari, katikati ya mwezi. Robo ya kinachobaki baada ya gharama iweke akaunti ambayo kadi yake haiko mfukoni mwako.

Mimi naweza kukueleza kanuni, lakini mimi si wakili. Mkataba wako wa mwisho, kabla ya saini, mpelekee wakili anayejua usafirishaji, si yule wa uhamiaji aliyekusaidia karatasi zako. Itakugharimu dola mia chache. Mwoneshe hasa vifungu vya kuvunja mkataba, dhamana, na kile kinachosema mgogoro utaamuliwa wapi, maana wengine wanakupeleka kwenye usuluhishi wa faragha katika jimbo la mbali. OOIDA, chama cha wenye malori wanaoendesha wenyewe kilichoanzishwa mwaka 1973 na chenye makao Grain Valley, Missouri, kimezipeleka mahakamani kampuni nyingi kwa kanuni hizihizi, na ada ya uanachama ni ndogo ukilinganisha na tairi moja. Kama CDL yako ni ile inayotolewa kwa wasio wakazi wa kudumu, mwone wakili wa uhamiaji kabla ya yote haya, kwa sababu tangu Septemba 2025 kanuni zake zimekuwa zikibadilishwa na kupingwa mahakamani. Na Kiingereza chako kinoe hata kama kinatosha: tangu Juni 25, 2025 askari wa barabarani anaweza kumsimamisha dereva asiyeweza kujibu maswali yake, na kampuni nyingi sasa zinakupima kwa simu kabla ya kukupa hata fomu.

Kwa rafiki yako usitume ujumbe, nenda nyumbani kwake. Mwambie unamshukuru, na kwamba uko tayari kuendesha chini yake akikuandikia mkataba na kuliweka lori lako kwenye bima yake kwa namba ya chasisi. Akikubali, hati ya bima ipokee kutoka kwa wakala wake moja kwa moja, isipitie mkononi mwake, uisome namba ya chasisi herufi na tarakimu moja moja, zote 17, ukiwa umesimama mbele ya gari.